Mwiti Amevaa Jezi ya Embu

SEHEMU YA SABA

"Nimemwona kwa macho yangu haya mawili. Mwiti amevaa jezi ya Embu."

Kwa maneno hayo ndipo tulipokatiza juma lililopita, msomaji wangu, na tukamwacha Kanana amesimama katikati ya bucha ya Mzee Ismael, birika mkononi, chai ikimmwagikia miguuni bila yeye kusikia moto wake.

Na kama ndiyo kwanza unajiunga nasi, jua hivi: ni Agosti mwaka wa 1956. Hali ya Hatari iko mwaka wa nne, na mtu wa Meru asiye na kitabu cha pasi havuki hata daraja. Mwiti, winga wa kushoto wa timu ya Meru, alichukuliwa na askari miaka miwili iliyopita, viatu vya mpira bado viko miguuni, akapelekwa kambini. Kanana ni mkewe. Hupika chai nyuma ya bucha hii, mtaa wa Mjini, ambako mashabiki wa Meru hukutana kila alasiri kuipima mechi kabla haijachezwa.

Na mechi yenyewe ni ya Jumamosi. Meru na Embu, Kombe la Mlima, mara ya tatu msimu huu. Ya kwanza sare, bao moja kwa moja. Ya pili mbili kwa mbili. Hakuna aliyejua nani zaidi.

Mpaka Runji alipoingia na habari yake.

"Runji, umekunywa," akasema Rashid, fundi cherehani, ambaye kwa timu ya Meru angeuza cherehani yake na kuongeza mguu wake mmoja.

"Mimi ni Mmbeere wa Ishiara, nauza mbuzi, siuzi uongo," Runji akajibu. "Kambi iko nyuma ya kiwanja cha Embu. Bwana mkubwa wa kambi anapenda mpira kuliko chakula. Amemtoa Mwiti nje na askari wawili, akampa namba kumi na moja. Kila jioni wanafanya mazoezi."

"Umemjuaje kwa mbali?" akauliza Mzee Ismael. Kisu chake kilikuwa kimesimama katikati ya paja la ng'ombe.

"Kona, Mzee. Alipiga kona kwa mguu wa kushoto, mpira ukapinda kama mundu, ukaingia wavuni bila kuguswa na mtu. Gitari, yule golikipa wao mwenye mikono kama makarai, akabaki amekumbatia mlingoti."

Mlima mzima ulikuwa na mtu mmoja tu wa kupiga kona ile.

Kisha wote wakaanza kusema kwa pamoja.

"Basi tumekwisha!"

"Tumekwisha kwa nini? Beki wetu wa kulia amelala?"

"Beki wako wa kulia alikuwa anatetemeka Mwiti akimpita mazoezini. Sasa atampita kwa kombe!"

"Sikilizeni," akasema Mwalimu Muthamia, katibu wa timu. Alikuwa mtu mpole, wa shati jeupe na kalamu mfukoni. Akapanga vikombe vya chai juu ya meza, sita vya Meru, sita vya Embu. "Mpaka jana tulikuwa hivi. Sawa kwa sawa. Sisi tuna kasi, wao wana golikipa. Sisi tuna vichwa, wao wana kiwanja chao chenye mteremko. Ukitoa kimoja huku..." Akakiinua kikombe kimoja, akakishikilia hewani, kisha hakujua akiweke wapi.

"Mtu hatolewi kambini bure," Rashid akasema kwa uchungu. "Amekiri. Amewataja wenzake. Leo amevaa jezi yao, kesho atavaa ya homugadi, walinzi wa serikali. Msaliti!"

Hapo ndipo walipomkumbuka Kanana.

Kila mtu akatazama chini, pale chai ilipotengeneza dimbwi kuzunguka miguu yake. Kanana akaliweka birika juu ya kaunta polepole. Alimtazama Runji.

"Amekonda?"

"Amekonda, mama. Lakini anakimbia."

"Anacheka?"

Swali hilo kila mtu alilielewa. Mwiti akipokonywa mpira, hucheka. Akianguka matopeni, hucheka. Refa alikuwa akimkaripia kwa kucheka.

Runji akavitazama viatu vyake.

"Hapana, mama. Hacheki."

Kanana akageuka, akaenda zake nyuma jikoni. Hakutaka walio mle ndani waone uso wake.

Runji akamfuata.

Alimkuta ameinama juu ya meko, anapuliza moto ambao ulikuwa unawaka vizuri tu. "Mama Karambu," akamwita kwa sauti ya chini, "kuna neno sikulisema mbele ya watu."

Jina lile lilimchoma kila alipoitwa. Karambu, mwanawe wa pekee, aliyepewa jina la mama yake Mwiti, alikufa kwa surua mwaka uliopita katika kijiji cha emajensi, yaani cha Hali ya Hatari, baada ya watu kuondolewa mashambani na kubanwa nyumba kwa nyumba, handaki limewazunguka. Alikuwa na miaka mitatu.

"Sema," Kanana akasema.

"Jumatatu nilisogea kwenye seng'enge. Mwiti akanijua. Akaniuliza swali moja tu. Akaniuliza, Runji, mke wangu alizikwa wapi?"

Kanana akasimama wima.

"Alisema nini?"

"Alizikwa wapi. Wewe. Anajua umekufa, mama. Wewe na mtoto."

"Na wewe hukumwambia? Runji! Unakunywa chai yangu kila wiki, hukumwambia?"

Runji akafungua vifungo vya shati, akashusha bega. Palikuwa peusi na pamevimba kama kiazi kikuu. "Kabla sijafungua mdomo, kirungu cha askari kilikuwa kimeshashuka. Wakamvuta huku, wakanifukuza kule. Jana nilirudi, hawakuniacha hata niione seng'enge. Lakini alikuwa amenipa hii. Alisema Mzee Ismael aisome, amtafutie kaburi."

Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nyingi mpaka ikawa ndogo kama kipande cha sabuni.

Kanana hakujua kusoma. Lakini hakuhitaji kusoma ili autambue mwandiko ule. Kwa miaka miwili alikuwa ameutazama ukitiririka kutoka kwenye kalamu moja, kila Jumapili baada ya kanisa, yeye akisema na mwingine akiandika.

"Rahema!" akaita.

Rahema, binti wa Mzee Ismael, akaja mbio akijifunga ushungi. Alikuwa amesoma mpaka darasa la sita, tena msomaji hodari. Akaikunjua karatasi, akaisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Akasoma mstari wa kwanza kwa sauti. Wa pili akausoma moyoni. Kisha akainua macho.

"Dada Kanana, keti kwanza."

"Nisomee nikiwa nimesimama."

"Inasema, Ndugu Mwiti, nasikitika kukuarifu kwamba mwezi huu wa tano ugonjwa wa surua umeingia kijijini. Mtoto wako Karambu amefariki. Na mkeo Kanana, aliyemuuguza, amefariki siku nne baadaye. Wamezikwa pamoja. Mungu akupe nguvu."

Kanana akaikumbuka Jumapili ile. Alikuwa amekaa kwenye kigoda, hana machozi tena, akimwambia mwandishi: Mwambie mtoto wetu ametutoka. Mwambie mimi nipo. Mwambie namngoja, hata kama ni mpaka nywele ziwe nyeupe.

"Hakuna mahali pamesema nipo?"

"Hakuna, dada."

Kanana akaichukua karatasi na kurudi mbele ya bucha.

Mashabiki walikuwa wamerudia vikombe vyao. Mwalimu Muthamia alikuwa ameinama mezani, akieleza jinsi ya kumbana winga wa kushoto. "Asipewe nafasi ya kugeuka. Akigeuka tu tumekwisha, kwa hiyo watu wawili wamkabili..."

Kanana akaiweka barua katikati ya vikombe.

"Nisomee, Mwalimu," akasema. "Kama unavyonisomea kila ukimaliza kuniandikia."

Muthamia akaiona. Kikombe kimoja kikaanguka, kikavunjika, na hakuna aliyekitazama.

"Mama Karambu, hii si..."

"Nisomee."

"Siwezi."

"Basi Rahema atasoma, na watu hawa wote watasikia."

Rahema akasoma. Alipomaliza, ungesikia nzi wakitembea juu ya nyama. Mzee Ismael akatoka nyuma ya kaunta, kisu bado kimo mkononi, nadhani bila yeye mwenyewe kujua.

"Mwalimu," akasema, "huu ni mkono wako?"

"Ni wangu, Mzee."

"Kwa nini?"

Muthamia hakumtazama Mzee. Alimtazama Kanana, na kwa mara ya kwanza wote mle ndani wakaona kitu ambacho kilikuwa mbele yao kwa miaka miwili. Ile sukari aliyokuwa akimletea Kanana. Kule kuandika barua bila malipo. Kule kubaki bucha mpaka vikombe vyote vioshwe.

"Nilidhani hatatoka," akasema. "Wengi hawatoki. Nilidhani yeye akiacha kuandika, nawe utachoka kungoja. Nilitaka... nilikuwa na nia njema juu yako, Kanana. Ningekuoa kanisani."

"Ukamwambia yeye nimekufa. Mimi mbona hukuniambia amekufa?"

"Sikuweza kukuangalia ukilia mara ya pili."

"Na zile barua nyingine? Za kila Jumapili?"

Rashid akamkamata Muthamia ukosi wa shati. "Jibu!"

"Ziko sandukuni kwangu. Zote. Sikuzichoma."

Kanana akashika ukingo wa meza. Barua tisini na kitu! Alikuwa amemsimulia Mwiti mvua ilivyonyesha, jino la mwisho la Karambu lilivyotoka, mabao ambayo Meru ilifunga. Alikuwa amemwambia mambo ambayo mke humwambia mume taa ikizimwa, akiona haya mbele ya mwandishi, lakini akayasema. Na yote yalikuwa yamelala ndani ya sanduku la mwanamume mwingine.

"Nitasahihisha," Muthamia akasema, machozi yakimtoka. "Naapa mbele ya Mungu na mbele yenu. Jumamosi nitamwendea Mwiti mwenyewe, nimwambie nilichofanya. Anipige, aniue, nitamwambia."

"Hutamwambia wewe," Kanana akasema. "Ataniona mimi."

Runji akakohoa. Alikuwa bado mlangoni. "Mama, iwe Jumamosi kweli. Askari walikuwa wanaongea. Mechi ikiisha tu, kambi inahamishwa. Wanapelekwa mbali, kaskazini, mahali ambapo hata mbuzi hawafiki."

Siku tatu tu!

Sasa ona taabu iliyokuwepo. Mkuu wa wilaya alikuwa ametoa kibali cha lori moja, mashabiki arobaini, wanaume watupu, majina yameandikwa na kupigwa mhuri. Chini ya jina la arobaini paliandikwa hivi: na mpishi mmoja. Mpishi huyo alikuwa Mzee Ismael. Hajakosa mechi ya Meru na Embu tangu timu hizo zicheze peku. Alikuwa ameshachagua mbuzi, ameshanoa visu, ameshapiga pasi kanzu.

Ijumaa baada ya swala alikuja jikoni, akamkuta Kanana anakosha birika.

"Mwanangu," akasema, "mpishi hakuandikwa jina. Mimi mgongo unaniuma. Barabara ya Embu ina mashimo sana."

Mgongo wa Mzee Ismael haukuwa na kitu. Kanana alilijua hilo. Akaliweka birika chini ili amshukuru.

"Ukirudi utanieleza mabao," Mzee akasema, akatoka upesi.

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, kafyu ya usiku ilipofunguliwa, lori likaondoka Mjini likiwa limejaa mpaka juu. Kanana alikaa karibu na masufuria, amevaa gauni la bluu ambalo Mwiti alimnunulia katika mji wa Maua kabla hawajaoana. Muthamia alikaa mbele kabisa, pembeni, hakuna aliyetaka kukaa naye. Lakini kibali kilikuwa na sahihi yake, bila yeye lori lisingepita.

Watu walijaribu kuimba, wimbo ukafika katikati ukafa. Basi wakaongea mpira, kwa kuwa mpira ndio uliowaleta pale.

"Mimi naona sare tena."

"Haiwezi kuwa sare. Leo wanaongeza muda mpaka mtu mmoja afe."

"Gitari ana udhaifu wa mipira ya chini. Ya chini, kulia kwake!"

"Na Mwiti je?"

Rashid, ambaye tangu Jumatano hakuwa amemtazama Kanana usoni, akasema, "Mwiti akifunga leo, sitamzomea."

Hakusema zaidi. Akavuta kofia machoni.

Walipita Nkubu, wakapita Chuka, wakashuka na kupanda mabonde mpaka matumbo yakahama. Saa saba wakafika daraja la mto Thuchi. Ng'ambo ya pili ni Embu. Hapa palikuwa na kizuizi, gogo limelazwa barabarani, hema moja, homugadi sita, na karani mwenye meza.

Karani akasoma majina arobaini. Watu arobaini wakaitika.

"Na mpishi?"

"Mimi," Kanana akasema.

Karani akashangaa kuona mwanamke. Lakini kibali hakikusema mpishi awe mwanamume. Akachukua pasi yake, akaifungua, akasoma. Kisha akavuta daftari nyingine, nene, yenye jalada jekundu.

"Wake za watu wa kambini wana daftari yao," akasema. Kidole chake kikashuka. Kikasimama. Akamtazama Kanana, akatazama daftari, akamtazama tena.

"Shuka."

"Kuna nini?"

"Kanana mke wa Mwiti alikufa mwaka jana, mwezi wa tano. Imeandikwa hapa, imetoka kambini. Pasi hii ya marehemu umeipata wapi?"

Mtu mmoja akacheka nyuma ya lori. Hakuna aliyemwunga mkono.

"Ni mimi," Kanana akasema. "Mimi ndiye huyo. Sikufa."

Inspekta akatoka hemani, Mzungu kijana, ngozi ya pua imebabuka kwa jua. Karani akamweleza. Kanana akatoa ile barua kifuani, akampa kwa mikono miwili. "Bwana, barua ya uongo ni hii. Mwandishi wake yuko hapo."

Inspekta akaisoma taratibu. "Hapa imeandikwa wewe umekufa," akasema.

"Ni uongo, bwana!"

"Kama huu ni uongo, mtu aliyeandika amedanganya serikali. Mtu huyo ataingia kambi leo." Akageuka kwenye lori. "Nani ana sahihi juu ya kibali?"

Muthamia akashuka. Shati lake jeupe lilikuwa limeshikana na mgongo kwa jasho.

"Wewe ni mwalimu. Wewe utanieleza. Mwanamke huyu ni nani?"

Kanana akamtazama. Hakumchukia dakika ile. Alikuwa akimwomba kwa macho, maana mtu huyu alikuwa ameapa, na hakuna mtu duniani aliyemjua kuliko yeye. Aliyajua maneno yake yote. Alikuwa ameyaandika.

Muthamia akatazama pingu kiunoni mwa homugadi. Akatazama mto.

"Kanana alikufa, bwana," akasema. "Nilimwandikia mumewe barua mimi mwenyewe. Huyu tulimwokota njiani kutupikia. Simjui."

Lori likalipuka kwa makelele. "Mwongo!" "Ni Kanana, tunamjua sote!" "Mwalimu, Mungu anakuona!"

Inspekta akapiga risasi moja hewani. Kunguru wakaruka.

"Vizuri," akasema. "Anayemjua ashuke, abaki naye. Wengine waende. Kibali chenu cha kupita hapa kinakwisha saa nane."

Msomaji, usiwahukumu haraka. Mwaka ule kubaki kizuizini kulikuwa na maana moja, na kila mtu kwenye lori lile alikuwa na ndugu aliyebaki mahali fulani akaja kurudi bila meno, au asirudi. Mmoja akainama kufunga kamba za viatu. Mwingine akafunika uso kwa bendera ya timu. Injini ikanguruma.

Mguu mmoja ukashuka.

Alikuwa Rashid. Akasimama kando ya Kanana, akavua kofia.

"Mimi namjua," akasema. "Huyu ni Kanana mke wa Mwiti. Wiki hii nilimwita mumewe msaliti, na huyu hakunitukana. Andika jina langu."

Muthamia akapanda lori. Gogo likaondolewa. Lori likavuka daraja, na hakuna aliyeimba.

"Wapelekwe Embu mjini," Inspekta akaamuru. "Wachunguzwe huko."

Embu! Moyo wa Kanana ukaruka. Alikuwa mfungwa, lakini alikuwa anakwenda upande uleule.

Walifungiwa nyuma ya Land Rover, homugadi wawili mbele yao. Saa tisa na nusu wakaingia Embu mjini, na hapo gari likakwama. Barabara ilikuwa imejaa watu. Walikuwa wametoka Runyenjes, Kiambere, Ishiara, wamekaa juu ya miti, juu ya mapaa, juu ya mabega ya wenzao. Dereva akapiga honi, hakuna aliyesogea. Upande wa kushoto, hatua hamsini tu, palikuwa na kamba, na nyuma ya kamba kiwanja.

"Nani atashinda?" homugadi mmoja akamuuliza shabiki kando ya gari.

"Nani ajuaye! Ni sawa kwa sawa. Ila sisi tuna huyu mpya."

Wachezaji walikuwa wanapasha miili moto. Kanana akashika wavu wa dirisha.

Akamwona.

Alikuwa kando ya kiwanja, upande wao, namba kumi na moja, amekonda mpaka jezi inapepea juu ya mifupa. Askari wawili walikuwa wamesimama karibu na mstari. Alikuwa anadunda mpira kwa mguu wa kushoto, peke yake, hamtazami mtu. Nywele za ubavuni zilikuwa zimeshakuwa nyeupe. Ana miaka ishirini na tisa.

"Mwiti!" Kanana akapiga kelele.

Hakusikia.

"Mwiti! Mwiti!"

Shabiki mmoja nje ya gari akamsikia, akacheka kwa furaha. Alidhani mama huyu ni wa Embu. Akapokea, "Mwiti! Mwiti!" Jirani yake akapokea. Mti mzima ukapokea, paa likapokea, kiwanja kizima kikapokea, maelfu ya watu wakipiga makofi na kuita jina lilelile, "Mwiti! Mwiti! Mwiti!" Na sauti ya Kanana, iliyoanzisha, ikazama ndani yake kama tone la maji mtoni.

Mwiti akainua kichwa. Akageuka upande wao. Macho yake yakapita juu ya miti, juu ya watu, juu ya gari. Akainua mkono, kama mchezaji anavyowaamkia mashabiki. Akageuka, akarudi katikati.

Kanana akateleza mpaka sakafuni mwa gari.

"Hapana," Rashid akasema. "Hapana, haiwezekani iwe hivi."

Kabla homugadi hajageuza shingo, Rashid alikuwa ameupiga mlango teke. Komeo likang'oka. Akaruka nje, akapasua katikati ya watu, akaruka kamba. Refa alikuwa ameshaweka kipenga mdomoni. Fundi cherehani mnene wa Mjini akaingia kiwanjani mbio, mikono juu, akipiga kelele kwa pumzi zote, "Mwiti! Mkeo yu hai! Kanana yu hai!"

Namba kumi na moja akasimama.

Kanana aliona yote mawili kwa mara moja kupitia mlango uliovunjika. Kule uwanjani, mumewe akianza kugeuka. Hapa kando ya gari, homugadi akiwa ameshapiga goti, bunduki begani ikimlenga Rashid, jicho moja limefumbwa.

Hakujua amwite nani kwanza.